Sanduku la Bwana Mkubwa

Kila alasiri Sindano alipotoka shule aliingia kwa mlango wa nyuma wa kiwanda cha mama yake. Kiwanda lilikuwa jina la heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, meza ya kukatia vitambaa, kioo kirefu na pazia la kujaribia nguo. Sindano alivua viatu vya shule, akavaa ndara, akachukua sumaku iliyofungwa kamba na kuiburuta sakafuni ili inase pini zilizoanguka. Pini hazikuisha. Ukizoa huku, zinamwagika kule.

Kwa sababu ya pini hizo, mdogo wake hakuwahi kutambaa hata siku moja. Baba yao, ambaye ni seremala, alimtengenezea sanduku la mbao laini lenye godoro na magurudumu, na mtoto alishinda humo tangu asubuhi hadi taa za kiwanda zilipozimwa usiku. Alikuwa amepita umri wa mwaka mmoja, naye alilijaza sanduku pembe hadi pembe. Wateja walimwita Bwana Mkubwa.

"Tazama mashavu hayo!" walisema. "Hapa kuna afya, si mchezo."

Mama alitabasamu na kuinamia cherehani. Sindano alipokuwa mdogo alikuwa mwembamba, ndiyo maana ya jina lake, na majirani walinong'ona kwamba nyumba ile ina njaa. Maneno yale yalimchoma mama kwa miaka. Sasa kila sifa ya mashavu ya Bwana Mkubwa ilikuwa dawa kwake.

Kiwanda kilikuwa na sheria moja: mteja hapigiwi kelele. Mtoto akilia, anapewa chupa. Mama aliagiza iwe ya maji, na mara moja moja iwe na juisi ya unga yenye sukari kidogo. Lakini Sindano alikuwa amegundua jambo. Juisi ikikolea sukari, Bwana Mkubwa hunyamaza kabisa, hunyonya hadi akasinzia, na dada mtu hupata nafasi ya kutoka nje kuruka kamba na wenzake. Basi maji yakasahauliwa. Ikawa juisi kila siku, chupa juu ya chupa, na sukari haikupimwa tena.

"Umempa nini?" mama aliuliza, mguu ukiwa juu ya pedali.

"Maji, mama."

Alasiri moja mama alikuwa akimpima bibi harusi kiuno. Bwana Mkubwa alikuwa amelala sandukuni, chupa kifuani, akikoroma.

"Jamani, huyu anakoroma kama babu yangu!" bibi harusi alicheka.

Mara mkoromo ukakatika. Sindano alingoja uendelee. Haukuendelea. Alichungulia sandukuni, akaona kifua cha mdogo wake kimetulia na midomo yake inapoteza rangi.

"Mama! Mama, hapumui!"

Mama alitupa utepe wa kupimia, akamnyakua mtoto na kumpigapiga mgongoni. Bwana Mkubwa alishtuka, akavuta pumzi ndefu yenye mlio, kisha akaangua kilio. Hakuna aliyesubiri zaidi. Mama alimbeba, Sindano akafuata mbio, na bibi harusi akaachwa mbele ya kioo na gauni lililojaa pini.

Kwenye kituo cha afya waliingizwa moja kwa moja kwa muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Alisikiliza kifua cha mtoto, akampima uzito, akautazama mshale wa mizani mara mbili.

"Anakula nini?"

"Uji, viazi, mboga, maziwa," mama alijibu, akihema. "Na maji kwa wingi. Dada yake ndiye anayempa."

"Juisi? Soda?"

"Juisi kidogo, tena mara moja moja."

Muuguzi alikunja uso. "Kama ni hivyo, uzito huu sijui umetoka wapi. Huenda kuna ugonjwa umejificha mwilini. Nitamwita daktari. Nadhani leo hii mtapelekwa hospitali kubwa, atolewe damu, na moyo uchunguzwe."

"Moyo?" Mama aliketi kwenye benchi kama aliyesukumwa. Alitoa simu ampigie baba, kisha akaiacha mapajani. "Muuguzi, mwanangu ana ugonjwa wa moyo?"

Sindano alisimama ukutani. Akisema, mama atajua kuwa amedanganywa kila siku. Asiposema, daktari ataanza kutafuta ugonjwa ambao pengine haupo, na Bwana Mkubwa atachomwa sindano kwa sababu yake. Muuguzi alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Si maji," Sindano alisema.

"Nini?"

"Ninayompa. Ni juisi. Kila siku, chupa nyingi. Naongeza sukari ili anyamaze, mimi niende kucheza." Machozi yakamtoka. "Mama, nisamehe."

Mama aliinuka na kiganja juu. Muuguzi aliwahi kusimama katikati yao.

"Ukimpiga leo, mama, kesho hatakuambia la kweli. Keti." Kisha akamgeukia Sindano. "Umekosa, tena sana. Lakini umesema wakati ambao ukweli bado una faida. Sasa nielezeni yote. Mtoto huyu anashinda wapi?"

Wakamweleza habari za sanduku. Akauliza taa huzimwa saa ngapi, vyerehani hunguruma hadi lini, nani huvuta sigara karibu na mtoto, na mama alikula na kunywa nini alipokuwa mjamzito.

"Soda," mama alikiri kwa sauti ndogo. "Kazi ilikuwa nyingi, nilikuwa sinyanyuki kwenye kiti. Lakini sanduku ningefanyaje? Akimeza pini?"

"Sanduku lilimkinga na pini, sikatai. Ila lilimnyima sakafu." Muuguzi alivua miwani. "Watu husema samaki mkunje angali mbichi, wakifikiri ni habari ya adabu tu. Mwili nao hukunjwa mapema, kuanzia tumboni. Anachozoeshwa mtoto kula, anavyolala, nafasi anayopata ya kujongea, hewa anayovuta, vyote humjenga. Wengine huzaliwa na asili ya unene, na si kila mtoto mnene ni mgonjwa. Lakini huyu amewekewa sukari, amenyimwa usingizi wa usiku na amezuiwa kutambaa. Msimcheke na msimlaumu. Hakujiweka sandukuni. Daktari bado atampima, maana pumzi si jambo la mzaha, ila sasa tunajua pa kuanzia."

Daktari alimpima kwa makini, akasema moyo ni mzima. Unene ndio uliokuwa ukimbana pumzi usingizini. Aliwapa tarehe ya kumrudisha, na onyo kwamba asinyimwe chakula, bali abadilishiwe maisha.

Baba alijenga ukuta mfupi wa mbao kukata pembe ya kiwanda, wakatandika mkeka, na pini zikapigwa marufuku kuvuka ukuta huo. Chupa ikawekwa mbali, kikaja kikombe cha maji. Vyerehani vilinyamaza mapema jioni. Wiki za kwanza zilikuwa vita. Bwana Mkubwa alidai juisi yake kwa sauti ya mnadani, na wateja wengine walihama. Sindano hakuruka kamba. Alikaa mkekani na mdogo wake, akimsogezea vibobini, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi, ili avifuate. Kwanza alivifuata kwa macho, baadaye kwa tumbo, hatimaye kwa magoti. Mkoromo ukapungua. Kila walipokwenda kituoni, uzito ulipanda polepole tu, huku kimo kikiongezeka na kuufikia.

Siku moja Bwana Mkubwa alishika ukuta mfupi, akasimama. Pindo la gauni la mteja lilikuwa likining'inia upande wa pili. Alilidaka, akavuta, akapiga hatua, halafu nyingine. Kitambaa kikachanika.

"Gauni langu!" mteja alifoka. "Huyu mtoto hafungiwi mahali?"

Sindano alimtazama mama. Mama aliyekuwa radhi kufanya lolote mteja asiudhike aliweka mkasi mezani, akaenda kumnyanyua mwanawe.

"Samahani sana, mwenzangu. Gauni lako nitalishona upya, hutaona hata alama." Akamrudisha Bwana Mkubwa chini, miguu ikigusa mkeka, mkono mmoja ukiwa mkononi mwa Sindano. "Lakini utoto wake ukiharibika, mimi sina uzi wa kuushonea. Sindano, mwachie mkono. Mwache atembee."