Punguza, Mama

Asubuhi ile haikuwa na neno. Karani mmoja wa kampuni ya kusafirisha mizigo aliwahi ofisini, akafungua dirisha, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta. Nyumbani na kazini walimwita Kitinda, kwa kuwa yeye ndiye kitindamimba wa mama yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi kazini tangu wamzike mama huyo. Wenzake walimpa pole mlangoni, naye alizipokea huku akitafuta funguo za kabati.

Kazi ya kuanzia ilikuwa nyepesi. Meneja alitaka hati za mzigo zimfikie mteja upesi. Kitinda akazipitisha kwenye skana, akaandika barua pepe fupi, akaambatisha faili, akabonyeza tuma. Alama ya kungoja ikazunguka weee, ikasimama. Haikwenda. Akarudia. Haikwenda. Akapiga msonya, akamwita fundi.

Fundi wa kompyuta pale walimwita Waya, kwa wembamba wake, na kwa kuwa hakukosa waya shingoni. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno mengi na mikono mepesi.

"Kuna nini, dada?"

"Kiambatisho kimegoma."

"Hakigomi kitu hapa. Kinadeka tu."

Akavuta kiti. Akaangalia mtandao, upo. Akaangalia kama sanduku la barua limejaa, halijajaa. Jina la faili lilikuwa na mabano na nukta zisizo na kazi, akalifupisha. Akamwambia Kitinda atume. Haikwenda.

"Basi ni uzito," Waya akasema. "Kabati likiwa pana kuliko mlango, utasukuma mpaka jasho likutoke." Akapunguza ubora wa picha mpaka faili likawa jepesi kama unyoya. "Haya, tuma sasa."

Kitinda akabonyeza. Kisanduku cha onyo kikachomoza katikati ya kioo. Waya akakisoma, akacheka.

"Nani kakubadilishia lugha humu? Mashine hii tangu ije inaongea Kiingereza kitupu. Tena ina adabu! Ona inavyokuita."

Akamgeuzia kioo. Maneno yalikuwa mawili tu.

Punguza, mama.

Waya aliendelea kucheka peke yake. Kitinda hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye juu ya ngazi.

Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe.

Mama yao alipopooza upande mmoja, alihamishiwa kwa Kitinda. Kifungua, yaani dada mkubwa, kifunguamimba wa mama, alikuwa akifanya kazi ya udobi kwenye kambi ya mgodi, mbali. Huko simu zilishika kwa kubahatisha, ila barua pepe zilifika. Kitinda ndiye aliyemgeuza mama kitandani, ndiye aliyemlisha kwa kijiko na kufua mashuka. Na mama, kila alipofumbua mdomo wake uliopinda, aliuliza habari za Kifungua. Kifungua amekula? Kifungua anarudi lini? Aliyekuwa mbele yake, mama hakumuuliza kama amelala.

Donge likamkaa Kitinda kooni. Likaota mizizi.

Siku moja mama akaomba arekodiwe sauti, apelekewe mwanawe. Kitinda akaweka simu karibu na mto. Mama akaongea kwa taabu, ulimi mzito, jasho likimtiririka. Alipomaliza, Kitinda akatazama simu kidogo, akatikisa kichwa.

"Imegoma kwenda. Umesema mengi, faili limekuwa zito. Punguza, mama."

Hakuwa ametuma kitu. Alikuwa amefuta.

Mama akapunguza. Akaacha salamu, akaacha wosia wa nyumba, akaacha wimbo aliokuwa akimwimbia Kifungua alipokuwa mdogo. Kitinda akafuta. "Bado zito. Punguza, mama." Kila siku mama alilala akitafuta neno la kuacha. Alibakiza sentensi moja. Akabakiza neno moja. Akalisema kwa pumzi yake yote.

Kitinda akatazama simu, akatabasamu kidogo.

"Hata hilo, mama."

Mama akafumba mdomo. Hakuufumbua tena.

Msibani Kifungua alimshika mdogo wake mabega, akamuuliza huku analia, "Hakuniachia hata neno moja?" Kitinda akamtazama machoni. "Hata moja. Alisema hana la kukwambia."

Hayo yote yalimpitia Kitinda pale mezani, kioo kikimtazama.

"Funga hicho," akamwambia Waya.

Waya akakifunga. Akaketi yeye kwenye kiti cha Kitinda, akatuma faili lilelile. Likaenda papo hapo. Akainuka. "Jaribu wewe." Kitinda akabonyeza. Haikwenda. Wakahamia kwenye kompyuta ya Waya. Waya akatuma, ikaenda. Kitinda akatuma, haikwenda. Waya akamshika kidole kwa utani, akakiweka juu ya kitufe, akakibonyeza kwa kidole chake.

Haikwenda.

Utani ukamwisha Waya. Akakiachia kile kidole taratibu, akafuta mkono wake kwenye suruali.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "kidole chako mbona baridi hivi?"

Kutwa nzima Kitinda alihangaika. Alituma ukurasa mmoja badala ya rundo. Punguza, mama. Akatuma nusu ukurasa. Punguza, mama. Akatuma faili lenye mstari mmoja, kisha lenye herufi moja. Mwishowe akatengeneza faili tupu, jeupe, lisilo na kitu chochote ndani, akaliambatisha, akabonyeza.

Punguza.

Safari hii neno mama halikuwepo.

Kesho yake hata barua zisizo na kiambatisho zikakataa. Meneja akamwita ofisini kwake. Mteja alikuwa amelalamika, na meneja hakuwa mtu wa kubembeleza. Kitinda akasimama mbele yake, akaeleza yote. Kwamba fundi ameshaangalia, kwamba si uzembe, kwamba ana msiba. Alieleza kwa kirefu.

Meneja alikuwa akimkodolea macho.

"Mbona unanichezea midomo?"

"Nasema mashine ile haitumi, bosi, nimejaribu tangu jana, hata Waya…"

"Sema basi! Au umekuja kunifanyia kejeli?"

Alijisikia mwenyewe akiongea. Sauti yake ilikuwa masikioni mwake, kavu, ya kawaida. Lakini haikuwa ikivuka meza. Akavuta pumzi. Akapunguza.

"Mashine mbovu."

"Ahaa," meneja akasema. "Kumbe mdomo unao. Mpe Waya aitengeneze, na ukirudia mchezo huo hapa huna kazi."

Kitinda akatoka. Kwenye korido akajaribu kumwita mfagiaji. Akamwambia, dada, naomba unisindikize hospitali, sijisikii vizuri. Mfagiaji akampita na ndoo yake. Akamwambia, nisindikize hospitali. Mfagiaji akageuka.

"Abee? Umesema hospitali?"

Neno moja tu ndilo lililofika.

Daktari alimulika koo, akabonyeza shingo, akamwambia atamke a, e, i. Alizitamka zote na daktari akazisikia. Akamwandikia kupumzika. Kitinda akaomba kalamu kwa ishara, akaandika kisa chake, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa radhi aungame, hata kwa mtu baki. Daktari akaipokea karatasi. Akaigeuza upande wa pili. Akairudisha upande wa kwanza.

"Tupu hii, mama. Ulitaka kuandika nini?"

Kitinda akaondoka bila kuaga.

Alifika nyumbani mchana, jua kali, watoto wa jirani wakicheza nje. Akakaa kwenye kitanda alichofia mama. Akampigia Kifungua, aliyekwisha kurudi mgodini. Simu iliyokuwa ikishika kwa kubahatisha ikashika mara moja.

"Haloo?" Kifungua akasema.

Dada, nilikudanganya. Mama alikutaja kila siku. Mimi ndiye niliyefuta.

"Haloo? Kitinda? Mbona kimya?"

Nilikudanganya, dada.

"Haloo?"

Nisamehe.

"Mtandao huu nao! Nakata, nitakupigia jioni."

Usikate! Usikate! Kitinda alikuwa akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nje watoto waliendelea kucheza. Hakuna aliyegeuka. Akafumba macho, akakusanya pumzi yake yote, akatafuta neno lililo dogo kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Dada."

Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mama. Kisha Kifungua akanong'ona, sauti ikikatika kama ya mtoto.

"Mama? Mama, ni wewe?"

Kitinda akatikisa kichwa kwa nguvu, kana kwamba dada yake angeweza kumwona.

"Mama, nakusikia! Sema, mama! Sema tena!"

Hakukuwa na neno lingine la kusema. Lile lilikuwa la mwisho. Aliufumbua mdomo, na mdomo ukapinda upande mmoja, taratibu, kama kitambaa kinachovutwa. Mkono ulioshika simu ukaanguka. Simu ikalia peke yake shukani, mama, mama, mpaka chaji ilipokwisha.

Kifungua aliacha kazi, akarudi kumuuguza mdogo wake. Ni mtu wa huruma yule, hakuna asiyemsifu. Humgeuza kitandani, humlisha kwa kijiko, hufua mashuka. Madaktari wamempima Kitinda kichwa, moyo na damu, hawajaona ugonjwa. Akili yake nzima. Masikio yake mazima. Machoni ndimo unamomwona, amejaa tele.

Na kila siku, akishamfuta mate kidevuni, Kifungua huketi pembeni yake na kumuuliza jambo lilelile.

"Hivi kweli, mdogo wangu? Mama hakuniachia hata neno?"

Kitinda hufumbua mdomo. Shingo humsimama, jasho humtoka, machozi humchuruzika mpaka masikioni. Hutafuta. Kifungua huinama, humpapasa paji la uso.

"Polepole, mpenzi," humwambia kwa upole. "Usihangaike na mengi. Punguza maneno."

Hapo ndipo Kitinda hulia, kilio kisicho na sauti, mpaka apitiwe na usingizi.

Kule ofisini walimleta karani mwingine. Siku yake ya kwanza alimwita Waya, akamwambia kioo cha ile kompyuta kina uchafu. Waya akaja na kitambaa. Katikati ya kioo palikuwa na doa la ukungu, duara ndogo, kama pale mtu anapokipulizia pumzi kioo ili akisafishe. Akalifuta. Halikufutika. Akakwangua kwa ukucha, akahisi kioo kikavu.

Doa lilikuwa kwa ndani.

Akakifungua kioo kizima, skrubu moja baada ya nyingine. Ndani kukavu. Akakifunga. Ukungu ukarudi, ukatanuka kidogo, ukanywea, ukatanuka tena. Waya aliutazama hivyo kwa muda, bila mzaha wowote, kisha akachomoa waya wa umeme.

Ukungu ukaendelea.

Alikipeleka kioo stoo, akakigeuzia ukutani, akakifunika kwa gunia zito. Bado kipo. Hakuna anayelitaka gunia lile, ingawa ni zima. Waliowahi kulishika wanasema stoo nzima ni kavu, isipokuwa gunia, katikati, lina unyevu wa vuguvugu.