Pongo Aliyekuwa Akinyonyesha

Kila asubuhi kabla ya shule, Naipanoi aliwakamua mbuzi wawili, akanywa chai, kisha akakimbia kuyatazama maharage yake. Yalikuwa yake kweli. Mama yake, Anna, alikuwa amemkatia kipande cha shamba upande wa juu, karibu na msitu wa Mlima Meru, akamwambia, "Uko darasa la sita sasa. Panda, palilia, vuna. Siku ya soko Ngaramtoni utayauza mwenyewe."

Maharage yalipotoa maua, pongo, swala wa msituni, alianza kuingia shambani. Kila asubuhi Naipanoi alikuta mashina yamekatwa kama kwa mkasi. Mama alimshauri azungushie uzio wa miiba. Naipanoi alikata miiba siku moja tu, ikamchoma mikono, akaacha.

"Unajitesa bure," alisema Lemomo, mtoto wa jirani aliyekuwa darasa la saba. Akatoa mfukoni waya wa breki ya pikipiki. "Mtego mmoja tu. Maharage yanapona, na nyama tunapata."

"Mama akijua?"

"Nani atamwambia? Wewe?"

Alhamisi jioni waliufunga mtego kwenye kijia alichopitia pongo.

Ijumaa asubuhi mtego ulikuwa mtupu. Lakini udongo ulikuwa na unyevu, na Naipanoi aliona alama za kwato. Pembeni ya kwato kubwa zilikuwapo nyingine ndogo, kila moja ndogo kuliko ukucha wa dole gumba lake. Akachuchumaa. Alijua maana yake. Alinyoosha mkono aufungue waya, na hapo kengele ya shule ikalia bondeni. "Nitautoa jioni," alijiambia, akakimbia.

Jioni alimwambia Lemomo, "Yule pongo ana mtoto."

"Mtoto atakula majani. Acha mtego ulale leo tu."

Naipanoi akageuka kurudi nyumbani. Mtego ukabaki.

Jumamosi alimkuta jike la pongo amelala ubavu, waya umezama shingoni. Ardhi yote kumzunguka ilikuwa imechimbika kwa mateke yake. Hakuwa na pembe. Ngozi yake ilikuwa nyekundu yenye madoa meupe, na ilikuwa bado na joto. Naipanoi alipomgusa tumboni, vidole vyake vililowa. Akavitazama. Yalikuwa maziwa. Chuchu zilikuwa zimejaa hadi zinavuja zenyewe, na yeye, mkamuaji wa mbuzi, hakuhitaji kuelezwa.

Lemomo alifika na kisu.

"Usimchune," Naipanoi alisema. "Tumtafute mtoto kwanza."

"Mtafute wewe. Huyu ameshakufa, tukimwacha ataliwa na fisi. Na usiseme kwa mtu, tutafungwa!" Lemomo alijibu, akainama kuchuna.

Siku nzima Naipanoi alizunguka kichakani, akijifanya anaokota kuni. Hakuona kitu. Mtoto wa pongo hulala kimya palepale mama yake alipomwacha, hatikisiki mpaka aitwe. Na wa kumwita alikuwa hayupo tena.

"Mbona huli?" mama aliuliza jioni.

"Kichwa kinauma," alijibu.

Jumapili, walipotoka kanisani, alirudi tena. Safari hii alisikia sauti nyembamba ikilia mara mbili, kisha ikakatika. Alitafuta, akatafuta, asione. Ndipo alipokimbia nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kibarazani akimnyonyesha Elifuraha, mdogo wake Naipanoi wa miezi minne. Naipanoi alisimama mbele yake, akaeleza yote: waya, nyayo ndogo, maziwa, kichwa ambacho hakikuwa kinauma. Mama hakufoka. Alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya. Kisha akamfunga mgongoni, akainuka.

"Twende ukanionyeshe."

Ni mama aliyemwona mtoto wa pongo, amejibana chini ya majani, mdogo kama paka. Alimpigia simu Yona, askari wa wanyamapori, naye akajibu, "Mpeni joto. Maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Nakuja sasa hivi."

Naipanoi alikimbia nyumbani kupasha maziwa, akarudi nayo, akamfunika mtoto kwa kanga, akampakata. Alichovya kidole kwenye maziwa akampa. Mtoto wa pongo alinyonya mara moja, mara mbili. Mara ya tatu maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Elifuraha alipolia mgongoni kwa mama, yule mtoto wa pongo aliinua kichwa, masikio yakasimama, akasikiliza. Kisha akakilaza kichwa juu ya goti la Naipanoi, na hakukiinua tena.

Yona alipofika na pikipiki yake, mwili ulikuwa unaanza kupoa.

"Shikamoo," Naipanoi alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Nani alitega?"

Mama alimwachia binti yake ajibu.

"Ni mimi. Mimi na Lemomo."

Yona alichuchumaa karibu naye. "Kutega ni kosa kisheria, na tutakwenda ofisi ya kijiji na wazazi wenu wote. Lakini sikiliza na hili. Hata mwindaji mwenye kibali haruhusiwi kumpiga jike mwenye mtoto. Anadhani ameua mmoja, kumbe ameua wawili, na huyu wa pili anakufa taratibu, kwa njaa. Mwindaji ana macho. Akiona mtoto, anaweza kushusha bunduki. Waya hauna macho."

"Mimi niliona," Naipanoi alisema, machozi yakimwagika. "Niliona nyayo."

Yona alimwekea mkono begani.

Walimzika yule mtoto wa pongo kando ya msitu. Jumatatu, katika ofisi ya kijiji, Naipanoi na Lemomo walipewa onyo kali mbele ya wazazi wao. Lemomo alikiri kwamba alikuwa na mitego mingine mitatu, akampeleka Yona kuitegua yote. Kisha kwa siku tano, baada ya masomo, wote wawili walikata miiba mpaka uzio ukazunguka shamba zima. Hakuna shina lililokatwa tena. Maharage yakazaa vizuri.

Siku ya kuvuna, Naipanoi aliacha kuchuma, akamgeukia mama.

"Mama, ningesema Jumamosi, yule mtoto wa pongo angepona?"

Mama aliweka kikapu chini. "Labda angepona."

"Na ningeutoa waya Ijumaa?"

"Wangekuwa hai wote wawili."

Naipanoi alilia, na mama hakumkataza. Alimsogeza karibu, akasubiri mpaka akatulia.

"Siwezi kukudanganya ili ujisikie vizuri, mwanangu," alisema. "Moyo wako ulikuambia ukweli Ijumaa asubuhi, ukiwa umechuchumaa pale. Ukauambia usubiri hadi jioni. Siku nyingine ukiona mnyonge atakayeumia kwa mkono wako, simama hapohapo. Kengele ilie, marafiki wakucheke; na ukiwa umekosea, useme siku ileile. Huruma ina saa yake. Ikichelewa, inabaki kilio tu."

Naipanoi alifuta uso kwa kiganja. Akainama kwenye mstari wa maharage, akaendelea kuchuma.