Moyo Ulitangulia

Saa nne na dakika saba asubuhi, kinasamoyo kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kifua cha Tusekile kilituma taarifa hospitalini kabla yeye mwenyewe hajafika sakafuni. Kifaa hicho hakikuzidi punje ya mchele. Kilihesabu mapigo ya moyo, kilihisi misuli ikitikisika, na kilijua kama mwili umesimama au umelala. Wakati huo hospitali zote za Mbeya zilikuwa na mashine za kusoma ubongo, lakini mashine hizo zilitaka mgonjwa aanguke akiwa amevalishwa nyaya, na Tusekile hakuwahi kuwafanyia madaktari hisani hiyo. Kinasamoyo kilimfuata nyumbani.

Alasiri hiyo yeye na mama yake, Bi Atupakisye, waliketi mbele ya Daktari Gwamaka. Tusekile alikuwa fundi wa kuchomelea minara ya umeme wa upepo mpaka miaka tisa iliyopita, alipoanza kuanguka na kutikisika. Akaambiwa ni kifafa, akanyang'anywa leseni ya kupanda.

"Tazameni mstari huu," daktari alisema, akionyesha kioo cha kompyuta. "Kifafa huanzia kwenye ubongo. Hapa moyo umesimama kwanza, mwili ukatikisika baadaye, kwa sababu ubongo umekosa damu. Imekuwa hivyo mara zote nne tangu kifaa kiwekwe. Si kifafa. Ijumaa nitakuwekea kichocheo cha moyo, kitakachouzuia usisimame, na kikikaa vizuri, nitaandika barua urudi minarani."

"Na vile vidonge vya kifafa nilivyomeza miaka tisa?"

"Havikukusaidia."

"Vimenisaidia kulala kwenye harusi za watu," Tusekile alisema.

Bi Atupakisye hakucheka. Alikuwa akiutazama mstari wa chini. "Na huu, baba?"

"Huo ni mkao wa mwili. Hapa ameanguka. Hapa ameinuliwa."

"Ni mimi. Kila akianguka namwinua, namkalisha, namkumbatia mpaka azinduke." Alisogeza kidole chake kwenye kioo. "Kutikisika kunaanza wapi?"

Daktari alikifuata kidole hicho kwa macho. Angeweza kusema kwamba kifaa hakina uhakika.

"Baada ya kuinuliwa, mama. Akikalishwa, damu inashindwa kupanda kichwani. Akilazwa na miguu ikainuliwa, inarudi upesi."

"Kwa hiyo hicho kifafa nilikuwa nakitengeneza mimi."

"Hakuna aliyekukataza. Sisi tuliuliza anatikisika vipi. Hatukuuliza ameshikwa vipi."

Tusekile aliuchukua mkono wa mama yake kutoka kwenye kioo. "Nikianguka watu wanakimbia, mama. Anayekuja ni wewe tu."

Jumatano, siku mbili kabla ya upasuaji, taarifa nyingine iliingia. Moyo ulikuwa umesimama kwa sekunde saba. Mstari wa chini ulionyesha mwili umelala, ukabaki umelala. Hapakuwa na mtikisiko wowote. Daktari Gwamaka alipiga simu.

"Kaanguka jikoni," Bi Atupakisye alisema akihema. "Nimemlaza, miguu nimeiweka juu ya kigoda. Mikono ilitaka kumnyanyua, baba. Nikaikalia."

Nyuma yake ilisikika sauti ya Tusekile. "Mama, sakafu ina baridi. Niamke sasa?"

"Bado," mama yake alisema. "Lala hapo hapo."