Kitenge Cha Damari

Soko la Mwanjelwa lilifurika, na kila mtu alivaa sweta la kijivu. Ndivyo Sheria ya Usawa ilivyotaka: asiwepo wa kupendeza kupita wenzake. Lakini Damari, aliyetoka Iringa kufuata maparachichi, alikuwa na sauti tamu ambayo hakuna ofisa wa Sheria aliyekuwa ameisikia bado.

"Habari za kazi, kaka?"

Asukile, kijana wa Ilomba mwenye meza ya maparachichi, akasahau anampimia nani. "Dada, sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Hata 'punguza bei.'"

Damari akacheka, akaziba mdomo haraka. Akaondoka na maparachichi, akaacha namba yake ya simu.

Basi, simu zikawa haziishi.

"Asu wangu, umekula?"

"Nikikusikia nashiba."

"Muongo. Nyie Wanyakyusa kwa maneno hamjambo. Njoo Jumapili huku Iringa, kanisani Kihesa, naimba kwaya. Ila mpenzi, usinisifu mbele za watu. Maofisa watanichukua."

Jumapili ile Damari aliificha sauti katikati ya za wenzake, mpaka ubeti wa mwisho ukamzidi nguvu. Ilipanda peke yake, tamu, ya kutisha. Asukile naye akajisahau. Akainuka na kitenge chekundu alichomletea zawadi, akamfunika mabegani, kama watu walivyozoea kumtunza mwimbaji aliyewagusa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wanawake walitazama sakafu. Bwana mmoja wa benchi la nyuma akatoka nje na simu sikioni.

Damari alichukuliwa, akachomwa sindano ya koo, akarudishwa. Asukile alipiga simu wiki nzima bila kupokewa, mwishowe akapanda basi.

"Nilikuomba kitu kimoja tu," Damari alimwambia mlangoni. Sauti ilikuwa kavu, kama ya kila mtu.

"Nimekuponza mwenyewe. Nisamehe. Nataka nikuoe."

"Ile uliyoipenda wameshaizima, Asu."

"Nakutaka wewe."

Alilia sana, kisha akamvuta ndani.

Siku ya ndoa, ofisa aliuliza swali ambalo wote huulizwa. "Asukile, unampenda huyu kuliko watu wengine?"

Safari hii alijua la kufanya. "Hapana, mzee. Nampenda sawa na wote."

"Na wewe, Damari?"

"Sawa na wote," akajibu, bila kumtazama.

Muhuri ukagongwa. Asukile alijua mkewe amedanganya, lakini iliuma vilevile.