Mke wa Mgongoni

Mshonaji alijificha nyuma ya jabali kujisaidia, hazikupita hata dakika tano. Alipotoka, mumewe alikuwa ameshaondoka, na mgongoni amembeba mwanamke.

La haula! Tangu ateguke mguu njiani, mumewe Kinyozi alikuwa akimbeba yeye. Walikuwa wakienda kaskazini, kwenye machimbo ya dhahabu, dhahabu yenyewe ya kusikia kwa watu! Mama mkwe aliwakataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nao wakaenda. Sasa gauni la bluu alilolishona mwenyewe lilikuwa mwilini mwake, na jingine kama hilo liko mgongoni kwa mumewe.

"Mume wangu! Mimi niko huku!"

Kinyozi hakugeuka. Aliyegeuka ni yule wa mgongoni, mwenye uso uleule wa Mshonaji, akaweka kidole mdomoni.

Dumu la maji lilikuwa kwa mumewe. Aliwafuata siku mbili akichechemea, koo limekauka, harufu ya nywele zinazoungua ikimjia kila upepo ulipovuma kutoka mbele, na kila alipoita aliisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia mumewe, "Usigeuke, mpenzi, si mtu huyo," mpaka akaogopa kufungua mdomo.

Aliwakuta machimboni, mlangoni kwa mganga.

"Ndiye huyo," Kinyozi alimnong'oneza mganga, machozi yakimtoka kwa hofu. "Ndiye anayetufuata."

"Jamani, ni mimi! Una kovu la wembe..."

"Chini ya kidole gumba," yule mwingine akamalizia.

Mganga aliwatazama wote wawili. "Kazi ndogo hii. Jini hana machozi. Haya, lieni."

Yule akajitupa shingoni kwa Kinyozi, shavu kwa shavu, na alipoinua uso ulikuwa umelowa chapachapa. Mshonaji naye alitaka kulia, Mungu anajua alivyotaka, lakini mwili uliokaa siku mbili bila tone la maji ungeyatoa wapi machozi? Macho yalibaki makavu.

"Mmeona wenyewe," mganga alisema.

Watu wakaokota mawe. Kinyozi ndiye aliyerusha la kwanza, likampata mkewe begani.

"Tuache!" alilia. "Tumekukosea nini?"

Mshonaji alirudi nyuma hatua kwa hatua, na ni yeye peke yake aliyemwona yule mwanamke akimpangusa mumewe machozi kwa kiganja, taratibu, kisha akajipaka chini ya macho.