Wimbo wa Mae Uliokatwa Boston

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Walt, mpiga piano wetu wa mazoezi, mwaka 1951, tulipopeleka mchezo wetu wa nyimbo Boston kuujaribu kabla ya New York.

Boston ndiko nyimbo hukatwa, yaani huondolewa kwenye mchezo. Jumamosi ukakatwa wimbo wa mwimbaji wetu Mae Dunphy, na hakuwa na mwingine. Mama wa watu hakulia. Alivaa koti lake akatoka bila kuaga.

Wimbo ukikatwa, mpiga piano hukusanya karatasi zake zote za muziki kutoka kwa wanamuziki, mtu asije akaupiga kwa makosa. Jumapili mchana Walt akazifuata ukumbini.

"Mae yuko wapi?" alimuuliza bawabu.

"Kapanda treni ya asubuhi. Sanduku nimembebea mwenyewe. Humo ndani ni wewe na panya tu, kaka."

Ukumbi ulikuwa giza. Walt aliwasha taa ndogo ya piano, pale chini mbele ya jukwaa wakaapo wanamuziki, akakusanya karatasi. Kisha akaona uchungu wimbo ufe hata bila kuagwa. Akaketi, akaupiga.

Kuna mahali Mae alikuwa akivuta pumzi ndefu. Walt akikimbia bila kumngoja, Mae alikuwa akimgongea kisigino mara mbili kwenye mbao za jukwaa: nisubiri, mwanangu. Walt alipofika hapo, kwa mazoea, akangoja. Kimya. Akajicheka.

"Mjinga wewe, unamngoja nani?"

Akaurudia, safari hii akapita pale bila kusimama.

Juu yake, kwenye mbao za jukwaa tupu, kisigino kikagonga mara mbili.