Mbula wa Katuni

Siku ya soko pale mjini Wote kila muuzaji hupiga kelele, lakini Mbula yeye alikuwa akiimba. Alipanda juu ya kreti la soda, leso kiunoni, kitambaa cha kijani kichwani, magauni ya mitumba yamemlalia begani, na wimbo aliutunga papo hapo: gauni hili limevuka bahari, wewe dada unashindwa kuvuka barabara? Akina mama walicheka, wakavuka. Kijana mmoja mwembamba, shati lake la mistari limepigwa pasi ya kukata na shoka, alisimama hapo nyimbo zikaisha zikaanza tena, na hakugusa nguo hata moja.

"Wewe wa penseli sikioni," Mbula akamwita, "unanunua ama unanihesabu meno?"

"Nanunua."

"Nini?"

"Hiyo sauti. Unauza aje?"

Wanawake waliokuwa wakichagua nguo wakaangua kicheko. Mbula akamrushia sweta. "Sauti imeisha leo. Chukua hii, pasi kama hiyo ni ya Nairobi, na huko iko baridi."

Ilikuwa sweta ya kike, ya rangi ya waridi, na kijana huyo, Kivuva jina lake, aliilipia bila kuuliza bei mara mbili, kwa sababu mtu akishapigwa na mapenzi mchana peupe hana haja ya kujadiliana. Akaeleza shida yake. Kwao ni Kibwezi, lakini kazi yake iko Nairobi, katika kampuni ndogo ya kuchora katuni. Walikuwa wakitengeneza kipindi maalum cha Krismasi kwa ajili ya televisheni, katuni ya nyimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kulikuwa na msichana mmoja ndani yake, yule anayemchotea Maria maji usiku wa kuzaliwa Yesu. Msichana huyo hakuwa na sauti bado. Kivuva alikuwa amesikiliza kwaya kutoka Kitui mjini mpaka Ikutha, na wote waliimba kama watu wanaoangaliwa na mchungaji.

"Na huyo msichana wako anaongea Kiswahili ya wapi?" Mbula akauliza.

"Ya hapa."

"Aiya. Kwa hivyo Bethlehemu imehamia Ukambani."

"Imehamia Wote. Zizi nimeliona tayari, hapo nyuma ya bucha."

Hapo ndipo Mbula alipocheka mpaka akashuka kwenye kreti. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwezi wa Januari, maembe yakiwa yamejaa kila mahali.

Walirekodi katika stoo ya kanisa. Kivuva alitundika kwenye kuta zote magodoro aliyoyaazima kwa akina mama wa kanisa, na bado jogoo wa mchungaji akawaharibia kazi kila asubuhi. Wimbo ulikuwa mfupi: *Maji yangu ni kidogo, kisima kiko mbali, kunywa wewe kwanza, mtoto yuko njiani.* Mbula aliuimba akiwa amefumba macho. Akifungua, anamkuta Kivuva hamwangalii machoni.

"Mbona unaniangalia mdomo tu?"

"Katuni huanza na sauti, picha inafuata. Nitakaa na mkanda huu kwa masikio, neno kwa neno, nichore mdomo ukifunguka vile wako unafunguka."

"Mwaka mzima, mdomo wangu?"

"Ni kazi, mpenzi. Nitajikaza."

Ndiyo mara ya kwanza alimwita mpenzi, na Mbula alijifanya hakusikia, kisha akakosea maneno ya wimbo. Jioni Mbula alimpeleka nyumbani kwao, mwendo wa nusu saa kutoka mjini. Mama yake alimpakulia Kivuva muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akamtazama mgeni kutoka upande, akarudi na mwiko akampa Mbula. "Huyu akigeuka haonekani," alisema. "Mwongeze." Kivuva alikula sahani zote mbili. Mzee Ndeti, baba yake Mbula, hakusema mengi, ila alipokuwa akimsindikiza alimkumbusha kijana kwamba binti wa Mkamba hachukuliwi kwa maneno. Kuna mbuzi watatu wa ntheo, na bila hao, hata mkiishi pamoja mpaka mzeeke, hamjaoana. Kivuva alijibu kwamba analijua hilo na atawaleta.

Akarudi Nairobi, na mapenzi yakahamia kwenye simu ya hoteli ya Halima. Halima, mama wa Kiislamu mwenye maneno mengi na moyo mwepesi, alikuwa na simu kaunta na televisheni juu ya kabati, na kila Jumamosi alikuwa akituma mtu sokoni: mwambieni Mbula simu inalia.

"Kasauti kangu," Kivuva angesema, "umekula?"

"Nimekula. Wewe je, ama bado ukigeuka huonekani?"

"Nimevaa ile sweta yako."

"Muongo."

"Haki ya nani. Watu wa ofisi wanauliza dada yangu yuko wapi."

Halima alipangusa meza ile ile mara nne ili asikie vizuri. Hivyo Februari ikapita, na Machi. Aprili simu ilikuja mara moja tu. Mei haikuja.

Na mwezi huo huo wa Mei mama yake Mbula alishikwa na homa ya mapafu, akafa ndani ya wiki moja. Mbula alikimbia mpaka kwa Halima, akapiga namba ya ofisi Nairobi. Akajibiwa na msichana wa mapokezi.

"Ako kwa chumba ya kuchora. Ameweka hedifoni. Amesema asisumbuliwe."

"Mwambie ni Mbula. Mwambie mwaitu, mama yangu, amekufa. Tunazika Ijumaa."

"Sawa, nitamwambia."

Ijumaa ikafika, wakazika nyuma ya jikoni, chini ya mwarubaini. Mbula aligeuka kuangalia njia kila gari lilipopita barabarani. Jonah, aliyeuza mbegu na madawa ya shamba mkabala na soko, ndiye aliyeshika sepetu na vijana wengine, ndiye aliyebeba mapipa ya maji ya waombolezaji, na baada ya watu kwenda zao aliendelea kupita kila jioni, anasimama mlangoni, anauliza swali moja: "Umekula?" Akijibiwa ndiyo, anaenda. Akijibiwa la, anarudi na mkate. Mbula alipiga simu Nairobi mara nyingine, akaambiwa vile vile. Kumwandikia barua alikataa. Alikwisha kusema mara moja kwamba mama amekufa, na hakuona ni vipi binti anaweza kubembeleza mtu ampe pole.

Simu ililia Oktoba. Halima mwenyewe ndiye aliyekuja sokoni mbio, viatu mkononi. Mbula alishika mkono wa simu akangoja.

"Kasauti kangu! Tumemaliza. Umekuwa mzuri, hutaamini. Nakusikia kutoka asubuhi mpaka jioni, naona kama tuko nyumba moja. Siku ya Krismasi saa kumi, keti mbele ya tivi. Kuna kitu yako hapo ndani, sisemi. Mbula? Uko?"

Alikuwepo. Alikuwa akingoja neno moja, pole, neno ambalo hata mpita njia asiyemjua alimpa. Kivuva akaendelea na rangi za mbingu na nyota iliyomtesa kuichora. Mbula akaweka simu chini taratibu, akamwambia Halima asimwite tena.

Novemba, Jonah alileta mbuzi wake. Alikuja na wazee wake, wakanywa uji, wakala, Mzee Ndeti akapokea, na majirani wakasema huyo sasa ni mke wa Jonah, bado harusi ya kanisa tu. Mbula hakulazimishwa na mtu. Aliulizwa mbele ya wazee kama anakubali, akasema ndiyo, na alimaanisha. Ila usiku ule hakulala.

Krismasi ikafika, na hoteli ya Halima ikajaa mpaka watu wakakaa juu ya friji. Mji wote ulijua kuna sauti ya Mbula kwenye tivi. Yeye hakutaka kwenda, lakini Jonah alimwambia sauti ni yake, asiionee haya, na wakaenda pamoja, yeye amevaa gauni jeupe la maua na Jonah suti ya kijivu ya kanisani.

Katuni ikaanza. Vilima vilikuwa vile vile vya Makueni, rangi ya udongo ile ile, na wachungaji waliimba huku wakirusha miguu kama katika ngoma ya kwao. Watu wakapiga makofi. Kisha msichana wa maji akatokea kwenye kilima, amefunga leso kiunoni, kitambaa cha kijani kichwani, na mwanya wa meno ya mbele kama wa Mbula mwenyewe. Akafungua mdomo akaimba, na ilikuwa sauti ya Mbula ya Januari, sauti ya mtu ambaye mama yake yuko nyumbani anapika. Mbula alishika ukingo wa meza. Hakujua kwamba sauti yake imebadilika mpaka alipoisikia ile ya zamani.

Mtoto akazaliwa, nyota ikawaka. Watu walidhani imekwisha. Mchungaji mmoja mwembamba, penseli sikioni, akashuka kilimani akiswaga mbuzi watatu, akafika mlangoni kwa msichana wa maji, akapiga magoti, akaimba: *nimekuja na miguu yangu, mwite baba atoke.*

Hoteli ililipuka kwa kicheko. Ntheo Bethlehemu! Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa na chai. Halafu kicheko kikafa meza moja baada ya nyingine, kwa maana wote walijua mbuzi wa Jonah wako tayari bomani kwa Mzee Ndeti.

Walitembea kwenda nyumbani jua likiwa bado liko juu ya vilima. Jonah ndiye aliyeanza.

"Huyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Atakuja?"

"Sijui. Labda."

Jonah alivua koti, akalikunja juu ya mkono. "Mbuzi zangu zinaweza kurudishwa, Mbula. Nitaongea na wazee mimi, sitaki uulizwe wewe. Sitaki kuoa mtu ananisikiliza na sikio moja."

Mbula alitamani Jonah amtukane, au amzuie njia, ili yeye apate sababu ya kumchukia. Jonah alimfikisha mlangoni, akauliza kama atakula, akaenda.

Kivuva alikuja kesho yake asubuhi. Pikapu ilisimama nje ya boma, wakashuka baba yake mdogo na mbuzi watatu, na yeye nyuma yao, suti ya samawati mpya, viatu vinang'aa, amenenepa kidogo. Mzee Ndeti aliwakaribisha kama inavyostahili wageni, akawapa viti, akawaambia chakula kinakuja. Kisha akamwita binti yake kando. "Ongea naye wewe kwanza," akasema. "Mimi nitaketi na mzee."

Mbula alimkuta karibu na jikoni. Moyo ulimpiga kwa nguvu hata akaona haya, kana kwamba kila mtu anausikia.

"Uliona?" Kivuva akauliza, anatabasamu.

"Niliona."

"Na unasema nini? Ngoja, usiseme. Nimsalimu mama kwanza, nimemletea leso. Ako wapi?"

Mbula alimtazama usoni, akitafuta ukatili aliomdhania kwa miezi yote ile. Haukuwepo. Alikuwa ameshika leso ya maua mekundu, anachungulia jikoni.

"Ako hapo nyuma," Mbula akasema. "Njoo."

Akampeleka mpaka kwenye mwarubaini. Kivuva aliutazama msalaba wa mbao, akasoma jina, akasoma tarehe. Alisoma tena. Leso ikaanguka, akaiokota, akaishikilia kifuani.

"Mei," alisema.

"Nilikupigia siku hiyo. Nilimwambia yule msichana wa simu."

"Aliniambia umepiga. Aliniambia hivyo tu. Nikasema nitapiga Jumamosi, na Jumamosi zikapita." Akapitisha kidole juu ya tarehe. "Mbula, nilikuwa na wewe kwa masikio. Mwezi huo wa Mei nilikuwa nachora ukicheka."

"Najua sasa."

"Haki, sikujua."

"Naamini." Na aliamini, na ndipo machozi yakamtoka, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa imemshikilia wima na sasa imeondoka. Kivuva alimshika mkono. Mbula hakuutoa.

"Njiani nimesikia kuna mtu ameleta mbuzi," Kivuva akasema. "Zinaweza kurudi?"

"Yeye mwenyewe amesema zirudi, nikitaka."

"Na unataka?"

"Nataka. Tangu jana nataka." Akapangusa macho kwa kiganja. "Lakini sitakubali zirudi, Kivuva. Utarudi Nairobi. Mwaka ujao kutakuwa na Krismasi ingine, na utanisikia vizuri sana huko, na mimi nitakuwa hapa napiga simu."

"Nitabadilika."

"Hukunikosea kwa ubaya, ubadilike nini? Ulitosheka. Wewe ulikuwa umeshiba mimi, na mimi nilikuwa nangoja."

Kivuva alipiga goti moja kwenye udongo na suti ile mpya, akaitandaza leso juu ya kaburi, akaiwekea mawe pembeni isipeperuke. Alimpa mama pole yake hapo, kwa Kikamba, polepole, kisha akaenda barazani kumpa mzee ile ya kwake. Mbula alimsikia baba yake akijibu, na sauti za wazee wawili zikashuka.

Alibaki nyuma ya jikoni mpaka alipoweza kupumua. Alimpenda mtu yule, na angempenda kwa muda mrefu. Halafu akanawa uso, akaonja chumvi, akaanza kupakua, kwa kuwa wageni walitoka Kibwezi alfajiri na walikuwa hawajala kitu.